Upasuaji wa Ngiri kwa Watoto Wadogo: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi

Ngiri ya kinena kwa mtoto mdogo haina dawa ya kunywa, haina mafuta ya kuchua, na haiondoki kwa kusubiri. Tiba yake ni upasuaji, na kwa mtoto mwenye afya njema ni upasuaji mfupi ambao mara nyingi humwezesha kurudi nyumbani jioni ya siku hiyo hiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wa Tanzania, Kenya na nchi jirani, kwa sababu watoto wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, na mara nyingi kuchelewa huko hakutokani na uzembe. Wazazi huwa wameambiwa na watu wanaowaheshimu kwamba hilo ni chango, kwamba litaisha akikua, au kwamba mtoto asiachwe alie. Hatua zimepangwa kwa mfuatano ambao familia huzipitia, kuanzia siku uvimbe unapoonekana.

Hatua ya 1: Tambua ni uvimbe gani mtoto anao

Mtoto wa kiume anapokuwa tumboni mwa mama yake, korodani zake huanzia juu, jirani na figo, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito hushuka hadi kwenye mfuko wake. Zinatanguliwa na mfereji mwembamba wa utando unaotokea tumboni, ambao hutakiwa kujifunga karibu na wakati wa kuzaliwa au muda fulani baadaye. Usipojifunga, ukawa mwembamba kiasi cha kupitisha maji tu, mtoto hupata ngiri maji. Ukiwa mpana kiasi cha kupitisha kipande cha utumbo, hupata ngiri ya kinena. Watoto wa kike nao wana mfereji wa namna hiyo, na kwao kinachoteremka mara nyingi ni ovari. Kwa hiyo mtoto huzaliwa na njia iliyo wazi. Kilio, kikohozi na kujikamua wakati wa choo husukuma tu kilichomo tumboni hadi kikaonekana, na mama hana sababu ya kulaumiwa kwamba alimwacha mtoto alie.

Kati ya watoto 100 waliozaliwa kwa miezi kamili, mmoja hadi watano hupata ngiri ya kinena. Kwa watoto njiti kiwango hicho ni kikubwa mara kadhaa, kwa kuwa wamezaliwa kabla mfereji haujapata muda wa kujifunga. Wavulana hupata zaidi kuliko wasichana. Upande wa kulia ndio unaoathirika zaidi, takriban asilimia 60 ya wagonjwa, na karibu mmoja kati ya kumi huwa nayo pande zote mbili.

Mzazi ataitambua kwa tabia yake ya kuja na kuondoka. Mtoto anapolia, anapokohoa au anapojikamua, uvimbe laini hutokeza kwenye mkunjo wa kinena na pengine hushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Akitulia au akilala, hupotea kabisa. Ngiri maji ni tofauti: mfuko huonekana umejaa, hauumi, na ukiubonyeza taratibu haurudi tumboni, ingawa unaweza kuwa mkubwa zaidi jioni kuliko asubuhi. Ngiri maji nyingi za watoto wachanga huisha zenyewe ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, na kwa kawaida daktari huzisubiri. Wapo wanaojaribu kutofautisha mambo haya kwa kumulika mfuko kwa tochi ya simu, wakiona mwanga unapenya wanahitimisha kuwa ni maji. Kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu utumbo wa mtoto mchanga, ambao ukuta wake ni mwembamba na ndani una hewa, nao hupitisha mwanga.

Ngiri ya kitovu isichanganywe na hizo mbili. Kitovu kilichotokeza ni jambo la kawaida sana kwa watoto wetu, na sehemu kubwa ya ngiri hizo hujifunga zenyewe mtoto anapofikia miaka 4 au 5. Madaktari hufikiria kuzifanyia upasuaji baada ya umri huo, au mapema zaidi iwapo tundu ni pana sana au zimeleta shida. Kufunga sarafu kwenye kitovu kwa kitambaa hakuharakishi chochote. Sarafu hukwangua ngozi, jasho hukusanyika chini yake, na mtoto aliyekuwa hana tatizo la haraka anaishia kuwa na kidonda kinachotoa usaha.

Kuna kazi moja ya kufanya nyumbani ambayo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu: uvimbe unapojitokeza, mpige mtoto picha kwa simu, ukionyesha pande zote mbili za kinena. Ngiri ina kawaida ya kujificha siku ya kliniki. Mtoto amelala fofofo mapajani, daktari anabonyeza haoni kitu, na familia iliyosafiri kutoka mbali inaambiwa irudi baadaye. Picha nzuri, pamoja na maelezo ya mama, mara nyingi hutosha kumfanya daktari aendelee na mipango ya upasuaji. Picha hiyo ni ya matibabu, hivyo ibaki kwenye simu ya mzazi na isisambazwe kwenye makundi ya familia.

Hatua ya 2: Zijue dalili za hatari kabla hazijatokea

Hatari kubwa ya ngiri ya kinena ni utumbo kunaswa. Utumbo huingia kwenye mfereji, shingo ya mfereji huubana, na damu haipiti vizuri, kama maji yanavyokwama kwenye mpira uliokunjwa. Ukiachwa hivyo kwa saa kadhaa, utumbo unaweza kufa na kutoboka. Kwa mvulana, korodani ya upande huo nayo inaweza kukosa damu kwa kuwa mishipa yake inapita mahali hapo hapo panapobanwa. Kwa msichana, ni ovari iliyo hatarini. Hatari hii ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha, umri uleule ambao watu wengi hushauri kusubiri mtoto akomae.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, usiku au mchana, iwapo uvimbe umekuwa mgumu na haurudi hata alipotulia. Iwapo analia mfululizo na hanyamazishwi kwa kunyonyeshwa. Iwapo anatapika, hasa matapishi ya kijani. Iwapo tumbo limejaa na hapati choo wala haachi hewa. Au iwapo ngozi juu ya uvimbe imebadilika rangi, imekuwa nyekundu au yenye weusi usio wa kawaida, au inauma inapoguswa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo linganisha upande ulioathirika na upande mzima, na uzingatie zaidi ugumu, joto na maumivu.

Ukiwa njiani usimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi muda mfupi baada ya kufika. Mlaze chali, mtulize, na usijaribu kusukuma uvimbe kwa nguvu wala kumpeleka kwa mchuaji. Daktari ana namna ya kuurudisha utumbo kwa mkono, kwa subira, baada ya kumpa mtoto dawa ya maumivu na ya kumtuliza, na anajua ni wakati gani asijaribu kabisa. Mkono usio na ujuzi unaweza kurudisha tumboni utumbo uliokwisha kuharibika, kisha nje kukaonekana shwari huku ndani mtoto akizidi kuumia. Kama mmefika kwenye kituo cha afya na mnapewa rufaa ya safari ndefu, ulizeni kuhusu kuwekewa dripu kabla ya kuondoka, kwa sababu mtoto mchanga asiyenyonya kwa saa nyingi hupungukiwa maji na sukari mwilini haraka.

Utumbo ukirudishwa salama, mtoto kwa kawaida hulazwa na kufanyiwa upasuaji baada ya siku moja au mbili, uvimbe wa ndani ukishapungua. Baadhi ya wazazi wakiona mtoto ametulia huomba ruhusa waende nyumbani kwanza. Msikubali kuondoka kabla ya upasuaji bila maelekezo ya wazi ya daktari bingwa, kwa kuwa ngiri iliyonaswa mara moja huweza kunaswa tena upesi.

Hatua ya 3: Fika hospitali inayofaa na pata tarehe

Kama hakuna dalili za hatari, anzieni kituo kilicho karibu nanyi ili mpate barua ya rufaa. Swali la msingi si hospitali ipi ina mpasuaji peke yake. Ngiri ya mtoto wa miaka 4 mwenye afya inaweza kufanywa vizuri katika hospitali nyingi za mkoa au kaunti, lakini mtoto mchanga, na hasa aliyezaliwa njiti, anahitaji mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto na wodi inayoweza kumwangalia usiku kucha. Tanzania, huduma hiyo ya kibingwa hupatikana katika hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Kenya, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na hospitali ya Kijabe, miongoni mwa nyingine.

Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto. Daktari atataka kujua mtoto alizaliwa na wiki ngapi na uzito gani, kama aliwahi kuwekewa oksijeni, kama kuna mtu katika familia aliyepata shida kwa dawa ya usingizi, na kama kuna historia ya seli mundu, ugonjwa ambao hubadilisha namna mtaalamu wa usingizi anavyomwandaa mtoto. Atapapasa pande zote mbili na kuhakikisha korodani zote zimeshuka. Ultrasaundi huhitajika kwa wachache tu, kwa hiyo usishangae ikiwa hukuandikiwa kipimo hicho. Kwa msichana mwenye ngiri pande zote mbili daktari anaweza kuongeza uchunguzi kidogo wa maumbile ya ndani, na ni vyema mzazi amwulize sababu yake bila aibu.

Kuhusu gharama, sera ya afya ya Tanzania inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali, lakini baadhi ya vifaa na dawa familia huweza kujikuta zikivinunua. Ulizeni mapema dirisha la ustawi wa jamii, kwani huko ndiko kunakoshughulikiwa misamaha. Kenya, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali wa nchi hiyo, mwezi Oktoba 2024, na mtoto anapaswa kuwa ameandikishwa kama mtegemezi kabla ya siku ya kulazwa.

Suala la tarehe linahitaji msimamo wa mzazi. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, ngiri ikishathibitishwa, upasuaji unafaa kufanyika ndani ya siku au wiki chache. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliosubiri zaidi ya siku 14 walikuwa na hatari ya kunaswa utumbo iliyokaribia mara mbili ya wale waliofanyiwa mapema. Ukipewa tarehe ya miezi mitano mbele kwa mtoto wa miezi miwili, uliza kwa heshima kama kuna orodha ya kusubiri nafasi zinazoachwa wazi, au kama unaweza kupewa rufaa ya hospitali nyingine. Ni haki yako kuuliza, na wauguzi wa kliniki za upasuaji wa watoto wanajua nafasi hupatikana pale mgonjwa mwingine anapoahirishwa kwa homa.

Watoto njiti wana utaratibu wao. Hawa hatari ya dawa ya usingizi kwao ni kubwa zaidi, kwa kuwa wanaweza kusahau kupumua kwa muda baada ya upasuaji. Utafiti wa hospitali mbalimbali za Marekani uliotolewa mwaka 2024 uliwalinganisha njiti waliofanyiwa upasuaji kabla ya kutoka wodi ya watoto wachanga na wale waliosubiriwa hadi kupita wiki 55 tangu mimba ilipoanza kuhesabiwa. Madhara makubwa yaliwapata asilimia 28 ya kundi la kwanza na asilimia 18 ya kundi la pili. Kwa hiyo daktari akisema njiti wako asubiri kidogo, ana sababu ya msingi. Kinachotakiwa ni mzazi kukaa karibu na hospitali na kuzijua kwa moyo dalili za hatua ya 2.

Hatua ya 4: Mwandae mtoto

Wiki ya upasuaji, mlinde mtoto dhidi ya mafua. Mtoto mwenye kikohozi, homa au kamasi nzito njia zake za hewa huwa nyepesi kujibana chini ya dawa ya usingizi, na kwa kawaida upasuaji usio wa dharura huahirishwa kwa wiki 2 hadi 4. Sema ukweli hata kama mmetoka mbali na nauli imekwisha kutumika. Mzazi anayeficha kikohozi ili asipoteze tarehe anamwongezea mwanawe hatari ambayo ingeepukika kabisa. Toa taarifa pia ya chanjo aliyopata siku za karibuni, kwani chanjo huweza kuleta homa itakayowachanganya madaktari.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, mwogeshe kwa sabuni na maji, bila kumpaka mafuta wala poda sehemu ya kinena. Mvue shanga za kiunoni, hirizi, uzi na bangili mkiwa nyumbani, kwa utulivu, na mzihifadhi wenyewe, maana eneo hilo lote litasafishwa na kifaa chochote kinachozunguka kiuno kitatolewa, pengine kwa mkasi. Kucha zake zisiwe na rangi, hina wala piko: kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kwenye kidole na husoma kwa mwanga unaopenya ukucha, na piko nyeusi huweza kukidanganya.

Kufunga kula ndiko kunakozua makosa mengi. Tumbo la mtoto aliyelala kwa dawa likiwa na chakula, chakula hicho huweza kupanda na kuingia mapafuni. Kanuni inayotumika sana ni saa 6 kwa chakula, uji, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya kopo. Saa 4 kwa maziwa ya mama. Na saa 2 kwa maji matupu. Kama upasuaji umepangwa saa 2 asubuhi, basi uji au maziwa ya kopo ya mwisho ni saa 8 usiku, titi la mwisho ni saa 10 alfajiri, na maji ya mwisho ni saa 12 asubuhi. Hospitali ikikupa saa tofauti, fuata za hospitali. Uji mwepesi ni chakula, hata ukiwa mwepesi namna gani. Mwambie kila aliyemo nyumbani, hasa bibi na dada wa kazi, ambao kwa huruma huweza kumpa mtoto biskuti huku mama akipanga begi.

Kosa la upande wa pili ni kumnyima mtoto kupita kiasi. Mtoto mchanga asikae bila kitu tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili. Weka saa ya kuamka, umnyonyeshe kabla ya muda kufika, na ukiona orodha ya upasuaji inachelewa, mfuate muuguzi umuulize kama unaweza kumpa maji au kama awekewe dripu.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kabla hujatia sahihi fomu ya ridhaa, hakikisha umeelezwa kwa lugha unayoielewa ni upasuaji gani, wa upande gani, na madhara gani yanaweza kutokea. Madhara hayo ni machache: kidonda kuingia maambukizi, damu kuvia, ngiri kurudi, na kwa nadra korodani kupanda juu au kusinyaa. Kisha omba kuona alama ya kalamu ambayo mpasuaji ameichora kwenye ngozi, upande unaohusika. Alama hiyo ni muhimu kwa sababu mtoto akishalala uvimbe hupotea, na pande mbili za kinena hufanana kabisa.

Iwapo familia inataka kijana atahiriwe, huu ndio wakati wa kuuliza kama mambo yote mawili yanaweza kufanywa kwa usingizi mmoja. Mara nyingine daktari atakubali, mara nyingine atakataa kwa sababu za usalama.

Mtoto mdogo kwa kawaida hulazwa kwa kuvutishwa hewa yenye dawa kupitia barakoa laini usoni, na sindano ya kanyula huwekwa baada ya kulala. Wengi huongezewa ganzi sehemu ya chini ya mgongo au kwenye kinena, ili aamke bila maumivu makali. Mpasuaji hukata takriban sentimita 2 au 3 kwenye mkunjo wa ngozi, anautafuta mfereji ulio wazi, anautenganisha kwa uangalifu na mishipa ya damu pamoja na mrija wa mbegu, kisha anaufunga kwa uzi kwenye shingo yake. Watoto hawawekewi wavu kama watu wazima, kwani misuli yao haina tatizo. Tatizo ni mfereji tu. Ngozi hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka. Kazi yote huchukua kama dakika 30 hadi 45 kwa upande mmoja, ingawa mzazi anayesubiri nje atahesabu muda mrefu zaidi, kwa sababu ya kulazwa na kuamshwa. Baadhi ya hospitali hutumia kamera kupitia matundu madogo ya tumbo, njia ambayo humwezesha daktari kuuona na upande wa pili. Njia ya kawaida ya mkato mdogo ni salama na imethibitishwa kwa miongo mingi, kwa hiyo sioni sababu ya kuahirisha ili kuisubiri kamera.

Wazazi wengi huogopa kwamba dawa ya usingizi itapunguza akili ya mtoto. Hofu hii imefanyiwa kazi kwa makini, tena kwa watoto wa ngiri hasa. Utafiti ulioshirikisha watoto wachanga 722 katika nchi 7 uliwagawa wenye ngiri katika makundi mawili: wengine walipewa dawa ya usingizi, wengine walipigwa ganzi ya mgongo wakiwa macho. Walipofikisha miaka 5 walipimwa akili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kati yao. Wastani wa muda wa usingizi ulikuwa chini ya saa moja, ambao ndio muda wa upasuaji wa ngiri.

Akiamka, mtoto huweza kulia sana, sauti ikiwa imekauka, na asimtambue mama kwa dakika chache. Mpakate, mwite kwa jina lake, na akishaamka vizuri muuguzi atakuruhusu umnyonyeshe.

Hatua ya 6: Uuguzi wa nyumbani

Kumruhusu mtoto arudi nyumbani siku hiyo hiyo si njia ya kubana matumizi. Mwaka 1909 mpasuaji James Nicoll wa Glasgow, Uskoti, alitoa taarifa ya upasuaji 8,988 wa watoto waliorudi nyumbani siku ile ile, wakiwemo wa ngiri, na akasisitiza kwamba mtoto mchanga hutulia vyema zaidi mikononi mwa mama yake. Hilo halijabadilika. Wanaobaki wodini usiku ni njiti, watoto wachanga sana, waliokuwa na utumbo ulionaswa, na wanaoishi mbali mno na hospitali.

Anza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, yaani ndani ya saa chache za kwanza. Parasetamoli hutolewa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 8 atapata miligramu 120, ambazo ni mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma chupa kabla ya kumimina, kwa kuwa zipo chupa zenye nguvu ya miligramu 250 katika mililita hizo hizo 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usipime kwa kijiko cha chai cha jikoni. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, kipimo kiandikwe na daktari. Usimpe mtoto aspirini wala kodeini. Wengi hawahitaji dawa tena baada ya siku 2 au 3.

Acha bandeji mahali pake kwa siku ulizoelekezwa, na katika siku hizo mfute mtoto kwa kitambaa chenye maji badala ya kumtumbukiza kwenye beseni. Nepi ikunjwe ukingo wake wa juu uwe chini ya kidonda, na ibadilishwe mara tu inapolowa, hata usiku. Usipake majivu, dawa ya meno, mafuta ya nazi, spiriti wala unga wa vidonge vilivyosagwa. Kidonda hiki kimefungwa kikiwa safi na hakihitaji kitu.

Kumbeba mgongoni kwa mbeleko kusubiri kwa takriban wiki moja au mbili, kwani kinena hubanwa mgongoni na miguu hutanuka. Mbebe kifuani au mapajani. Mtoto anayetembea atajipimia mwenyewe kiasi cha kucheza. Baiskeli, kupanda miti na kuruka visubiri wiki 2 hadi 3.

Mfuko wa korodani huweza kuvimba na kuwa na rangi ya damu iliyovia kwa siku kadhaa, na chini ya kidonda huweza kutokea uvimbe mwembamba mgumu kama uzi mnene, unaodumu kwa wiki kadhaa. Hiyo ni nyama inayopona. Tofauti yake na ngiri iliyorudi ni kwamba haiji na kuondoka mtoto anapolia. Rudi hospitali bila kusubiri tarehe iwapo ana homa ya kuzidi nyuzi 38, kidonda kinatoa usaha au kinavuja damu isiyokoma, uvimbe unaongezeka badala ya kupungua, anatapika mfululizo, hajakojoa kwa saa 8 au zaidi, au kwa mtoto mchanga, anapumua kwa kusitasita au midomo yake inabadilika rangi.

Hatua ya 7: Marudio ya kliniki

Hudhuria kliniki ya marudio hata kama kidonda kimepona vizuri na unaona kwenda ni kupoteza nauli. Daktari atakagua kidonda, na zaidi ya hapo atahakikisha kwamba korodani bado iko kwenye mfuko wake na haijavutwa juu na kovu, jambo ambalo mzazi ni vigumu kulitambua. Ngiri hurudi upande ule ule kwa takriban mtoto mmoja kati ya 100, zaidi kidogo kwa njiti na kwa waliokuwa na utumbo ulionaswa. Takriban 7 kati ya 100 hupata ngiri upande wa pili baadaye. Kwa hiyo endelea kuangalia kinena pande zote mbili wakati wa kumwogesha, na karatasi ya kuruhusiwa, inayotaja upande uliofanyiwa upasuaji, aina ya upasuaji na dawa ya usingizi iliyotumika, ibanwe ndani ya kadi ya kliniki, ili daktari yeyote atakayemwona baadaye aikute hapo.